Makubaliano ya Kutambuana

Mwenyekiti Sanga amefariki, na tangu juzi simu yangu inalia. Kundi letu la zamani, la watu tuliowahi kuishi Xiaobei, mtaa wa Guangzhou, China, lilikuwa limelala kwa muda mrefu, mtu akituma ujumbe ni wa heri ya mwaka mpya tu. Sasa limeamka na picha za mishumaa, na maneno ya "baba yetu" na "mtetezi wetu ugenini". Katibu ameomba kila aliyemfahamu marehemu aandike kumbukumbu fupi, zitachaguliwa chache zisomwe msibani. Mimi niliishia darasa la saba na naandika polepole, lakini uandishi siyo ulionishinda. Kila nikianza na "Marehemu alikuwa", hasira inanipanda na mkono unasimama. Kwetu mtu akifa tunamsamehe siku hiyo hiyo, kabla hata turubai halijafungwa. Mimi sijaweza. Kwa hiyo nimeacha kuandika kifupi, naandika kirefu, na hiki si cha kusomwa msibani.

Namna nilivyofika Guangzhou ni habari nyingine, niiache. Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nikipika na Mama Suzi katika fleti yake nyuma ya barabara ya Huanshi Zhonglu, ghorofa ya sita, kwenye jengo ambalo lifti yake ilikuwa inafanya kazi inapojisikia. Mlangoni hapakuwa na kibao. Wateja waliletwa na wenzao, na waliobaki waliletwa na harufu ya samaki. Sebuleni tulikuwa na meza mbili zilizounganishwa, moja fupi kuliko nyingine, kwa hiyo chini ya kitambaa cha nailoni palikuwa na ngazi, na mgeni asiyejua alimwaga mchuzi wake wa kwanza pale. Kulikuwa na sofa la kahawia lililobanduka ngozi, feni moja, na dirisha lililotazama ukuta wa jengo jingine wenye viyoyozi vinavyodondosha maji mchana kutwa. Mama Suzi alikuwa mwanakwaya. Hakuweza kukaanga kitu bila kuimba, na aliimba sauti ya pili peke yake, kana kwamba wa sauti ya kwanza wako chumba cha jirani. Mimi nilikuwa mtu wa kuongea na sufuria. Mteja akiniuliza jambo, nilimwangalia Mama Suzi anijibie, na alinijibia. "Sekela anasema ugali bado," alikuwa akisema, wakati sijasema chochote.

Jumapili baada ya ibada, meza ile iligeuka ya chama. Chama chetu cha Watanzania kilikuwa cha kufa na kuzikana, na katika hilo sijaona watu hodari kama wale. Mtu akifa asubuhi, kabla ya chakula cha mchana walishajua nani anakwenda ubalozini, nani anazungumza na shirika la ndege, sanduku litatoka wapi na nani atalipokea Dar es Salaam. Nikiosha vyombo niliwasikia wakigawana kazi hizo kwa utulivu, kama watu wanaopanga harusi. Kwa mgonjwa hawakuwa na mpango kama huo. Walikuwa na mtu mmoja, Tabibu Kessy, aliyesomea utabibu Moshi na sasa alikuwa mfanyabiashara wa vigae. Mtu akianguka aliitwa yeye kwanza. Hakuwa na ruhusa ya kutibu China, na hakutibu. Kazi yake ilikuwa kumlaza mtu vizuri, kuzuia damu, kupiga 120, namba ya gari la wagonjwa, na kueleza kwa Kichina, kisha kumsindikiza hospitali. Katiba ya chama ilimtaja kama "mhudumu anayetambuliwa". Na chini yake kulikuwa na kifungu: mwanachama akihudumiwa na mtu asiyetambuliwa, akafariki, chama hakitasafirisha mwili wake. Kiliwekwa baada ya kijana mmoja wa Kahama kuchomwa sindano chumbani na mtu aliyejiita daktari, akafa, na hakuna aliyetaka kubeba mzigo ule. Sisemi hawakuwa na sababu.

Wakenya nao walikuwa na chama chao, na mhudumu wao alikuwa Akinyi. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mabega ya mtu anayebeba vitu, na kweli alibeba. Alifunga mizigo kwa wakala mmoja wa kagoo katika jengo la Tianxiu. Kabla ya hapo alifanya kazi kwenye ambulansi miaka mingi huko Kenya. Jumamosi alikuja kula kwetu, akidai kwamba Wakenya wa Xiaobei wanachemsha tu, hawapiki.

"Mama, hii samaki imepikwa na mtu anaogopa Mungu," alikuwa akisema.

"Samaki huyu," Mama Suzi alimsahihisha. "Amepikwa. Ana roho."

"Alikuwa na roho. Sasa ni chakula."

Jumamosi moja Mama Suzi alimuuliza kwa nini aliacha kazi ya ambulansi. Akinyi alisema hakuiacha kwa ajili ya mshahara, ingawa mshahara nao ulikuwa wa kuombewa. Alisema kituo chake kilikuwa kwenye mji wa mpakani, na hospitali kubwa ya karibu ilikuwa upande wa pili wa mpaka, karibu kuliko ya kwao. Lakini leseni yake iliishia kwenye mnyororo uliofunga barabara pale mpakani. Walifika na mgonjwa, wakamshusha, wakamweka kwenye machela katikati, wakasubiri gari la upande ule lije na wahudumu wenye leseni ya upande ule. Wakati mwingine lilikuja haraka. "Siku moja nilikuwa nabonyeza kifua cha mtoto wa shule," alisema. "Nikafika kwa mnyororo, askari akaniambia, sista, hapa ndio mwisho wako. Nikamwambia, basi wewe bonyeza." Akachukua tonge, akalichovya, hakulila. "Serikali zinasema zitakubaliana leseni zitambuliwe huku na huku. Wanakaa kwa hoteli, wanakula, wanasema wataendelea kuzungumza."

Naamini wazo lilianzia hapo. Tabibu Kessy alikuwa anasafiri sana, mara Foshan, mara Yiwu, na akisafiri Watanzania wote wa Xiaobei walibaki bila mtu. Akinyi naye akienda bandarini na makontena, Wakenya walibaki bila mtu. Akapendekeza vyama viwili vitambuliane: Kessy akiwa hayupo, Akinyi aitwe, na kinyume chake, na kila chama kisafirishe watu wake hata kama waliguswa na mhudumu wa chama kingine. Lilikuwa jambo la kumaliza kabla maji ya chai hayajachemka. Lilizungumzwa kuanzia majira ya mvua mpaka baridi ikaingia.

Nilivisikia vikao vyote kutoka jikoni. Mwenyekiti Sanga aliketi kichwani mwa meza, upande wa juu, na Bwana Kamau, mwenyekiti wa Wakenya, alipewa upande mfupi na akalalamika kwamba anaongea akiwa shimoni. Kikao cha kwanza walibishana jina la nchi ipi litangulie. Kikao kingine Sanga alitaka Akinyi afanyiwe usaili na Kessy.

"Usaili wa nini?" Kamau aliuliza. "Huyu amefanya kazi ya kuokoa watu wakati Kessy wako anauza vigae."

"Ndugu yangu, sisi tuna utaratibu. Hatuokoti mtu barabarani."

"Nani ameokotwa barabarani? Nyinyi mna utaratibu mpaka wa kupiga chafya."

"Na ninyi mngekuwa nao, msingekuwa mnakuja kula kwetu."

Wakacheka wote, wakaahirisha. Ndivyo ilivyokuwa. Walitaniana vizuri, wakashikana mikono vizuri, wakaahirisha. Cheti cha Akinyi kikatakiwa kigongwe muhuri nyumbani. Kilipogongwa, Sanga akasema muhuri ni wa Kenya, chama chake kitautambuaje wakati hakuna makubaliano ya kutambuana. Siku ile nilidhani nimesikia vibaya, nikazima bomba. Nilikuwa nimesikia vizuri.

Mama Suzi alianguka mchana wa siku ya kawaida, wakati wa kupakua. Hakuanguka hasa. Upawa ulimtoka mkononi, akautazama chini kama kitu cha mtu mwingine. Aliponigeukia, mdomo wake ulikuwa umekwenda upande, na maneno yalitoka kama ya mtu mwenye kiazi cha moto kinywani. Sanga alikuwa mezani anakula. Yeye na wateja wawili walimshika wakamketisha kwenye sofa, na Sanga akampigia simu Kessy, ambaye alikuwa Foshan anaangalia vigae. "Anakuja," akatutangazia. "Amesema apumzike." Sijui kama Kessy alielezwa kuhusu mdomo. Wateja walimaliza kula kwa adabu, mmoja mmoja, wakasema pole wakaondoka. Mama Suzi aliniangalia kwa jicho moja lililokuwa wazi zaidi ya jingine. Nilisubiri, nikasubiri, nikaenda dirishani, nikarudi. Kisha nikamwambia Mwenyekiti kwamba namfuata Dada Akinyi. Akasema, "Tulia, binti. Kessy yuko njiani." Nikatoka nikiwa na aproni.

Akinyi alikuwa Tianxiu, sakafuni, anafunga maboksi ya viatu kwa selotepu pana. Aliniuliza jambo moja tu: ilianza lini. Nikamwambia, wakati wa kupakua. Alikuwa ameshasimama. Tulipofika alipiga magoti mbele ya sofa, akamwambia Mama Suzi atabasamu, kisha ainue mikono yote miwili. Mkono wa kulia ulipanda kidogo ukashuka. "Hii ni kiharusi," akasema bila kugeuka. "Tunaenda sasa hivi. Kuna dawa, lakini ina saa zake, ikipita imepita." Akatoa simu.

Mama Suzi ndiye aliyekataa. Hili nimeliwaza miaka yote hii na bado linanichemsha. Aliuvuta mkono wake mzima kutoka kwa Akinyi, akashika ukingo wa sofa, akasema jina la Kessy. Alisema na mengine, na ilinibidi niweke sikio karibu. Alikuwa anasema watamwacha huku. Watamchoma moto akifa. Mwanamke aliyekuwa na nafasi ya kupona alikuwa anaogopa kifungu. Kilikuwa kimeingia ndani yake kuliko ugonjwa, na aliyekiandika alikuwa amesimama pale na kijiti cha meno mkononi. Angeweza kusema neno moja: Mama, nenda, tutakubeba. Alisema, "Mnaona, mwenyewe hataki."

Akinyi alimpigia Kamau, kwa sababu chama chake nacho kilikuwa na kifungu kama hicho kwa mhudumu: ukimgusa mtu wa chama kingine, lolote litakalokupata ni lako. Kamau akaja akihema kwa ngazi. Mtu angetegemea kwamba wenyeviti wawili wakimwona mgonjwa, mambo yataisha. Walimwona. Wakamsikitikia kwa dhati, sisemi walijifanya. Kisha wakaketi mezani, juu ya sahani ambazo sikuwahi kuzitoa, ili wamalize makubaliano na Mama Suzi akubali kwenda. Waliona wanamsaidia. Sanga alisema waandike haraka haraka, kwa muda tu. Kamau akasema sawa, ila kifungu cha mwili kiwe wazi, asije akafia mkononi mwa Mkenya halafu Wakenya wadaiwe sanduku. Sanga akasema hakuna aliyetaja sanduku. Kamau akasema basi liandikwe kwamba halijatajwa. Akinyi alikuwa amesimama katikati ya meza na sofa, na jua lilikuwa limeshauacha ukuta wa viyoyozi.

Ndipo Sanga aliponigeukia. "Binti," akasema, "hebu tuletee chai, hapa panahitaji akili."

Sokoni Guangzhou kuna neno ambalo mwenye duka anakukatalia nalo, bila kukuangalia, akiendelea kula tambi zake. Mpaka leo sijui kwa nini ndilo lililonijia, wakati tulikuwa na Kiswahili kizima cha kutosha.

"Meiyou," nikasema. Hakuna.

"Unasemaje?"

"Chai hakuna. Mama anakufa, na chai hakuna."

Sauti ilitoka kubwa, ikanishtua mwenyewe. Kamau aliangalia meza. Akinyi alinitazama, kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa kadi yake ya chama na kuiweka kwenye sahani yenye miiba ya samaki. "Sasa mimi si wa mtu," akawaambia. Akarudi kupiga magoti. "Mama, nisikilize. Ukinifia, nakupeleka mwenyewe mpaka kwa mlango wa mama yako. Nitauza hata hizi nywele. Umenisikia? Mimi, si chama."  Vidole vya Mama Suzi vikaachia sofa, na Akinyi akapiga 120.

Gari la wagonjwa lilifika kabla wenyeviti hawajapanga nani ashuke kulipokea. Hilo ndilo linalonikata. Gari halikuchelewa. Wale vijana wawili Wachina walipanda ngazi mbio, wakamfunga kwenye kiti, wakamshusha. Mchana kutwa walikuwa umbali wa simu moja.

Hospitali, daktari aliuliza ilianza lini, na Akinyi alikuwa anatafsiri. Sanga, aliyekuwa amekuja nyuma na teksi, akamwambia, "Sema ni sasa hivi. Sema hata nusu saa haijafika." Nadhani kwa mara ya kwanza siku ile alikuwa ameogopa. Akinyi alisema saa ya kweli. Daktari akatikisa kichwa, akaeleza kwa upole. Akinyi akatugeukia na kusema kwamba muda umepita, na dawa ile ikitolewa nje ya muda wake inaweza kumwaga damu kwenye ubongo na kumuua hapo hapo. Sanga alisikia maneno hayo kama mimi nilivyoyasikia, tukiwa tumesimama bega kwa bega. Jumapili iliyofuata, kwenye meza yetu, nikiwa jikoni, nilimsikia akiwaambia wanachama kwamba Mama Suzi alikuwa apewe dawa ya kumponya, ila Mkenya alimwambia daktari asimpe.

Nilitoka jikoni nikasema si kweli. Waliniangalia kwa huruma, kama mtoto aliyechanganyikiwa na msiba. "Kaa, mwanangu," mmoja akasema, "hata sisi inatuuma." Uongo ule ulitembea Xiaobei kuliko nilivyoweza kuufuata. Nilikuwa na sauti ya wiki moja, yeye alikuwa na ya miaka. Wakenya walimwondoa Akinyi kwa kuvunja kifungu na kutupa kadi mbele ya watu. Chama chetu kilimpa Mama Suzi onyo, kwa sababu naye alikuwa amekubali kuhudumiwa na asiyetambuliwa. Mkono na mguu wa kulia ilikuwa imekufa, na maneno yalibaki machache, yasiyokwenda anakotaka. Onyo hilo alisomewa mimi nikiwa namlisha uji. Nilipouliza kama chama kitasaidia tiketi ya kumrudisha nyumbani, mweka hazina alifungua katiba na kunionyesha kwa kidole, bila ubaya wowote: kifungu kinataja mwili wa marehemu. Mgonjwa hakutajwa. Tiketi, yake na yangu ya kumsindikiza, zilichangwa na wateja, wale waliomaliza kula kwa adabu.

Wiki ya kuondoka kwetu, vyama vilitia saini. Kisa cha Mama Suzi kilikuwa kimewaaibisha kiasi cha kuwaharakisha, na kile kilichoshindikana miezi yote kikaisha kwa siku chache. Walikodi chumba cha juu Tianxiu, wakaleta keki yenye bendera mbili, na wakanitaka nimlete Mama Suzi kwa sababu, kama Sanga alivyosema, yeye ndiye mama wa makubaliano. Nilimvalisha gauni lake la kwaya. Nilikwenda kwa kuwa nilidhani watasema samahani. Walimweka mbele na kiti chake cha magurudumu. Kamau aliisoma karatasi: mhudumu wa kila upande atatambuliwa na upande wa pili. Watu wakapiga makofi. Nikaangalia chumba kizima nikitafuta mhudumu wa Wakenya ni nani sasa. Hakuwepo. Walikuwa wamemfukuza, na hawakuwa na mwingine. Kessy alikuwa Yiwu. Walikuwa wameruhusu watu wawili ambao hawakuwepo kufanya kazi ambayo mmoja wao alishafukuzwa kwa kuifanya. Sanga akasimama kuhutubia, akasema leo hakuna Mkenya wala Mtanzania, kisha akamletea Mama Suzi kisu, akate keki kwa mkono wa kushoto, wapiga picha wajiandae.

Nilitoa breki ya kiti. Nilimgeuza katikati ya hotuba, na gurudumu likampanda Mwenyekiti kwenye kiatu. "Binti, unakwenda wapi?" akauliza, na sikumjibu, safari hii si kwa haya. Tulipita katikati ya viti. Mama Suzi alikuwa bado ameshika kisu cha keki, na watu walisogeza magoti yao upesi. Tukaingia lifti ya mizigo pamoja na Mchina mmoja na marobota yake ya suruali.

Akinyi alikuwa chini, mahali pa kupakilia, anaandika namba kwenye maboksi kwa kalamu nene. Alimtoa Mama Suzi kisu mkononi, akakiweka juu ya boksi, akachuchumaa.

"Wamesema nini huko juu?"

"Kwamba sasa mnatambuliwa," nikasema. "Mhudumu wa Kenya anaweza kumhudumia Mtanzania."

"Nani?"

"Hawakutaja mtu."

Alicheka kidogo kwa pua, halafu hakucheka tena. Aliuchukua mkono wa kulia wa Mama Suzi, akaulaza kwenye paja lake lenye vumbi la maboksi, akaanza kukunja na kukunjua vidole kama walivyotuonyesha hospitali, akinieleza niangalie vizuri kwa sababu kuanzia kesho kutwa kazi hiyo ni yangu. Laobani wake, yule wakala wa kagoo, alimpigia kelele kutoka kwenye lori. Akinyi hakuinua kichwa. Kidole cha mwisho kiligoma kukunjuka, akaanza upya na cha kwanza.